Ugogo, Nchi Ipandayo Katika Vumbi

Wengi wenu mmepata kusikia habari za Ugogo, nchi iliyo katikati ya Tanzania, walakini si wengi waliopata kuikanyaga. Husemwa kwamba ni nchi ya vumbi na njaa. Sisi tulikwenda huko katika mwezi wa Novemba, kuzitembelea nyumba za Wakristo na walimu wao, tukapita Mpwapwa, Kongwa, Dodoma na Mvumi. Twapenda kuwaeleza tuliyoyaona, na hasa jambo moja, yaani jinsi watu wa nchi ile wanavyozishika ahadi za Mungu hali hawajui kama mvua itakuja. Maana katika nyumba nyingi, hata zilizo mbali na Ugogo, swali ni lile lile: kazi haina uhakika, bei ya vitu hupanda, majira hubadilika, je, ahadi ya Mungu yamwambia nini mtu asiyeijua kesho yake?

Nchi yenyewe ni uwanda ulioinuka, mita 1,100 hivi juu ya bahari pale Dodoma, wenye vilima vya mawe, miti ya miiba na mibuyu mikubwa. Mvua yake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Miezi mingine mbingu hufungwa. Hata katika majira ya mvua, mara nyingi hukatika mwezi wa Januari au Februari, mimea ikiwa bado michanga, na hapo ndipo mioyo ya watu hulegea. Tena mvua hiyo haba huweza kushuka kwa nguvu: mto Kinyasungwe, uliokuwa mchanga mtupu, hufurika na kuiharibu njia ya reli upande wa Gulwe. Basi mkulima wa Ugogo huweza kuogopa ukame na mafuriko katika mwaka mmoja. Ndiyo sababu hulima uwele na mtama, nafaka zivumiliazo jua, na mboga yake ni mlenda, ambao huanikwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya kiangazi.

Tulipofika, kiangazi kilikuwa kinakwisha, na mbavu za ng'ombe zilihesabika. Lakini mibuyu ilikuwa imekwisha kuchipuza majani mabichi, wala tone la mvua lilikuwa halijaanguka. Mti ule huweka maji katika shina lake, nao huvaa majani yake kabla ya mvua. Wenyeji huutazama wakajua kwamba siku za jembe zimekaribia.

Tulianzia Mpwapwa. Mji huu upo chini ya milima, na maji yake yalisifiwa tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapo, kwa sababu mbele yake, mtu akiisha kupita Chunyo, ilikuwako nyika isiyo na maji, ambayo wasafiri waliiita Marenga Mkali, maana yake maji makali. Mpagazi alijaza kibuyu chake, akajitwika mzigo, akaingia nyikani. Visima vya ng'ambo hakuviona. Aliamini neno la waliotangulia kwamba vipo. Nasi tulikumbuka habari za wana wa Israeli walipofika Mara wakayakuta maji machungu, wakanung'unika. Nao walikuwa wametembea siku tatu tu tangu kuivuka bahari. Ni upesi sana mwanadamu kusahau.

Katika mji huu watu wa C.M.S. waliweka kituo mwaka 1876, walipokuwa wakienda Uganda. Na mwaka 1878 Daktari Edward Baxter na Bwana J. T. Last walikianza tena. Haikuwa kazi ya matunda ya haraka. Homa iliwasumbua, na mwaka 1889, katika vita vya Abushiri na Wadachi, kituo kiliharibiwa. Mtu aliyesimama penye mabaki yale angaliweza kusema kwamba mambo yamekwisha. Walakini mwaka 1900 kazi ilianzishwa Mvumi. Mwaka 1927 dayosisi ya Tanganyika ya Kati ikapata askofu wake wa kwanza, George Chambers, mtu wa Australia. Na mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika. Tangu 1878 hata 1955 ni miaka 77. Wengi waliopanda hawakuiona siku ile. Hivyo ndivyo Maandiko yasemavyo juu ya Ibrahimu na wenzake, kwamba walikufa wakiwa wameziona ahadi kwa mbali, wakazishangilia.

Toka Mpwapwa tulikwenda Kongwa, na hapo tulijifunza habari ya ahadi za namna nyingine. Baada ya vita vya pili vya dunia watu wa Uingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia. Serikali yao ikaona yafaa kulima karanga katika Tanganyika, ekari nyingi sana, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Zililetwa trekta nyingi, wakaja mafundi na askari waliotoka vitani, na magazeti yakaahidi wingi wa chakula. Lakini vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyovunja majembe ya chuma. Katika mwaka wa kwanza walikusudia kupanda ekari 150,000, wala hazikufika 10,000. Udongo wa pale, jua likiuchoma, hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zilizozaa zilikuwa taabu kung'olewa. Mvua nayo haikufuata hesabu iliyoandikwa katika vitabu. Mwaka 1951 shauri lile likaachwa, na fedha iliyopotea ilikuwa zaidi ya paundi milioni 30. Leo sehemu kubwa ya nchi ile ni malisho ya ng'ombe.

Hatuandiki haya ili kuwacheka watu wale. Walikuwa na njaa kwao, na wengi wao walifanya kazi kwa bidii. Twaandika kwa sababu kosa lao hupatikana hata kwetu: waliihesabu nguvu ya trekta, wakaihesabu na fedha, wala hawakuiuliza nchi yenyewe, wala wenyeji walioijua. Mwanadamu akitoa ahadi huitoa juu ya vitu asivyovitawala. Akisema mwakani nitakulipa, hajui kama mwakani atakuwapo.

Walakini si haki kusema kwamba ahadi zote za wanadamu ni bure. Kutoka Kongwa tulirudi katika barabara kuu ya Morogoro hapo Mbande, tukaelekea Dodoma kwa njia ya Chamwino. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Miaka ikapita, mawaziri wakabaki Dar es Salaam, na watu wengi wakalifanya neno lile kuwa mzaha. Ilipofika mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali itahamia kweli, na ikahama. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sasa mtu akitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, husafiri kwa saa chache njia ambayo misafara ya zamani iliitembea kwa majuma mengi. Ikiwa ahadi ya serikali iliyokawia zaidi ya miaka 40 iliweza kutimia, haifai sisi kusema kwamba Mungu amesahau kwa kuwa amekawia msimu mmoja au miwili.

Lakini tulipofika Mvumi tulitambua kwamba maneno haya hayatoshi. Mtu aliyefiwa na mtoto kwa njaa hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba mambo hukawia. Na nchi hii imepata kufiwa.

Katika vita vya kwanza vya dunia, Wadachi waliwashuku walimu wa C.M.S. katika Ugogo na Ukaguru, wakisema kwamba ni watu wa Waingereza. Walimu Waafrika walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa. Wengi walipelekwa kifungoni Tabora, pamoja na wamisionari wao. Wake zao na watoto wao walibaki vijijini, wasijue kama wataonana tena. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaiteka Tabora, nao wafungwa wakafunguliwa.

Walimu hao walirudi makwao, nao walikuta nini? Majeshi yote mawili, la Kidachi na la Kiingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka za watu, na wanaume walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Ndipo ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyozidi kuanzia mwaka 1918 hata 1920. Watu walikula mizizi ya porini. Wako waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula, wapate kuishi. Wakuu wa serikali ya Kiingereza walikadiria kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Njaa haikuuliza nani amebatizwa na nani hajabatizwa.

Basi hapa hatuna budi kusema wazi, enyi walimu, kwa sababu wasikilizaji wetu watatuuliza, na wakituuliza tusiwajibu kwa maneno laini. Je, Mungu alivunja ahadi yake katika miaka ile? Sisi twajibu: Hasha. Lakini twapaswa kuisoma vema ahadi yenyewe. Nuhu aliahidiwa kwamba maadamu dunia ipo, kupanda na kuvuna havitakoma. Hakuahidiwa kwamba kila shamba litavuna kila mwaka. Tena mtume Paulo, alipowaandikia Warumi kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wa Kristo, alivitaja vitu vyenyewe kwa majina, na njaa ni kimoja kati yake. Kama Mkristo asingeweza kupatwa na njaa, mtume asingeitaja. Alichoahidi si kwamba njaa haitatufikia, bali kwamba ikitufikia haitatutenga naye.

Tofauti hii ni kubwa, nayo ndiyo iliyotupa shida moyoni tulipokuwa tukitembea katika vijiji. Maana siku hizi wako watu wazungukao na Biblia mkononi, wakimwambia maskini, Toa fedha hii, na Mungu ataleta mvua katika shamba lako. Toa hii nyingine, na mwanao atapata kazi. Katika Ugogo ya zamani watu walimwendea mtemi aliyeshika mawe ya mvua, wakampelekea haki yake, naye akawapa ruhusa ya kupanda. Mkristo aliyeacha mawe yale na sasa anunua mvua kwa mhubiri, amebadili nini? Amebadili duka tu. Nasi twaona pia hasara ya pili: mvua isiponyesha, mtu yule hatamlaumu aliyemdanganya, atamlaumu Mungu kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa.

Tulipokuwa tukitoka Mvumi tulimkuta mama mmoja mzee katika shamba lake, anachimba vishimo kwa jembe dogo na kutia mbegu za uwele, na vumbi likipanda mpaka magotini. Tukamwamkia kwa desturi ya kwao, Mbukwa. Naye akaitikia kwa furaha, akaegemea jembe lake. Tukamwuliza, “Bibi, mbona wapanda na mvua haijaja?”

Akasema, “Wanangu, mvua ya kwetu ni fupi. Ikija ikanikuta bado nachimba, itakuwa imekwisha kunipita. Mbegu iliyo chini ya udongo yangoja mvua. Iliyo ndani ya kilindo yangoja panya.”

Tukamwuliza tena, “Na mvua ikinyesha kidogo, mbegu zikaota, kisha zikakauka?”

Akacheka, akasema, “Hayo nimeyaona mara nyingi. Kwa hiyo sikuzileta zote. Nyingine nimeziacha nyumbani, nazo hata wajukuu wakilia njaa hatuzili. Hizi zikifa, nitapanda tena. Mungu hakuniambia siku ya mvua. Aliniambia nilime.”

Tuliondoka kimya kidogo. Katika maneno ya yule bibi mlikuwa na mambo matatu, nasi twawapa kama tulivyoyapokea. La kwanza, imani yake ilikuwa kazi ya mikono. Hakuketi kivulini akisema kwamba anamngojea Bwana. La pili, imani yake haikuwa uzembe. Alitunza mbegu ya pili, na kuitunza mbegu mbele ya mtoto mwenye njaa ni jambo gumu kuliko kupanda. La tatu, hakudai kuijua siku. Aliacha mikononi mwa Mungu kile kilicho cha Mungu, akashika mikononi mwake kile alichopewa.

Hivyo ndivyo alivyofanya nabii Yeremia. Mji wa Yerusalemu ulikuwa umezungukwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanja wa walinzi. Kila mtu mwenye akili aliona kwamba mashamba hayana thamani tena, maana adui ameyashika. Ndipo akanunua shamba la Anathothi kwa Hanameli mwana wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, akaamuru hati itiwe katika chombo cha udongo ipate kukaa siku nyingi. Hakusema tu kwamba watu watarudi. Alitoa fedha yake. Wala ununuzi ule haukuuzuia mji usianguke. Mji ulianguka. Lakini ahadi haikuwa juu ya kuanguka, ilikuwa juu ya kurudi, na watu walirudi.

Tena tuliona jambo jingine lililotufundisha. Katika kiangazi mito ya Ugogo ni mchanga mtupu, na mgeni akiitazama husema kwamba imekufa. Lakini wanawake hushuka mtoni asubuhi na mapema, wakachimba mchangani kwa mikono na kwa kibuyu, wakangoja, na maji huja polepole. Mwaka ukizidi kuwa mkavu hawauachi mto, huchimba zaidi. Ndivyo ilivyo na Neno la Mungu na maombi katika siku za mashaka. Mtu aliyezoea kuyapata maji juu juu, siku za raha, atadhani kwamba yamekwisha. Kumbe yapo, ila yataka kuchimbiwa.

Basi, enyi wenye nyumba, twawaomba mfanye haya katika siku hizi zisizojulikana. Jioni, watoto wakiwapo, zisomeni ahadi za Mungu, mkaulize juu ya kila moja: je, hili ndilo alilosema, au ni lile tulitamani aseme? Tengeni mbegu kabla ya chakula cha sikukuu. Mkiwa na akiba, mkumbukeni jirani ambaye hakuvuna, kwa kuwa mara nyingi Mungu hutimiza ahadi yake ya chakula cha mtu mmoja kwa ghala ya mwingine. Na mwenye kuifunga ghala yake huikawiza ahadi hiyo isimfikie ndugu yake. Nanyi walimu, msiwaahidi watu mvua. Waambieni kwamba Bwana yupo pamoja nao katika ukame, kisha mwende mkae nao katika ukame, ili neno lenu lipate kuaminiwa.

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Binadamu akishindwa kulipa deni lake hujificha. Mungu hajifichi. Yeye ambaye katika Mwana wake amekwisha kutoa kilicho kikubwa kuliko vyote, hatupungukiwi na sababu ya kumngojea kwa hayo yaliyosalia. Walimu wale waliofunguliwa Tabora walirudi wakaanza tena kufundisha, katika nchi ya njaa, mbele ya watu waliofiwa. Mmoja wa wachungaji wa kwanza wa Ugogo alikuwa Andrea Mwaka, ambaye hata leo shule moja ya Dodoma yaitwa kwa jina lake. Watoto hupita langoni kila asubuhi, na huenda wengi wao hawajui ni vumbi la namna gani mbegu ile ilipandwa ndani yake.

Bwana awape ninyi moyo wa kupanda, na saburi ya kungoja, na mkono wazi siku ya mavuno. Amina.